Kutoka CBBS ya 1978 hadi Fido ya Nairobi: tuonyeshe vipi BBS mezani bila laini ya simu?

kalamu_ya_kijani anauliza:

Wadau, hamjambo. Chama chetu cha kompyuta chuoni kimepewa meza moja kwenye maonyesho ya historia ya mawasiliano hapa Nairobi, na tumechagua BBS: ule ubao wa matangazo uliokaa ndani ya kompyuta ya mtu, ukaupigia simu kwa modemu, ukasoma, ukaandika, ukakata. Tunataka kuanzia Chicago na CBBS, ubao wa kwanza wa aina hiyo, halafu tufike nyumbani. Watakaokuja kutazama wengi hawajawahi kusikia modemu ikilia, kwa hivyo mabango pekee hayatawasimamisha. Lazima kuwe na mashine mbili zinazozungumza.

Wanaoijua kazi hii wanisaidie. CBBS yenyewe iliendeshwa na vifaa gani, na ilifanyaje kazi na laini moja tu? Wengine wanaandika ilianza Januari 1978, wengine Februari. Ipi iende ukutani? Halafu Nairobi ya miaka ya 1990: watu walipiga simu wakasoma papo hapo kama Wamarekani, au kulikuwa na utaratibu mwingine? Mwisho ni vifaa. Tuna modemu mbili za nje, moja ya Kimarekani ya biti 2,400 kwa sekunde na nyingine ya USB ya 56k, PC mbili kuukuu za DOS, na kipakatalishi cha Linux. Simu ya mezani hatuna na hatutaipata. Tukiunganisha modemu moja kwa moja kwa waya wa simu, ATDT (amri ya kupiga namba) inarudisha NO DIALTONE. Tufanyeje?

---

baiti128 anajibu:

Weka Februari. Wazo ni la Januari, theluji ilipoifunga Chicago na Ward Christensen akakwama nyumbani. Alimpigia Randy Suess, mwenzake katika chama cha wapenzi wa kompyuta kilichoitwa CACHE, wakagawana: Christensen programu, Suess vifaa. Kwa maelezo yao wenyewe kazi ilikwisha kwa wiki mbili, ila waliona hakuna atakayeamini, wakasema mwezi. Ndiyo maana tarehe inayotambuliwa ni 16 Februari 1978. Novemba ya mwaka huohuo wakaieleza katika jarida la Byte, na wengine wakaanza kuiga.

Kabla ya vifaa, elezeni kwa nini mashine ilikaa kwa Suess. Yeye aliishi ndani ya jiji, Christensen kitongojini, na kuupigia ubao ulio mjini kulikuwa nafuu kwa wapigaji wengi. Ubao huwekwa pale simu ilipo rahisi. Shikeni jambo hilo, mtalihitaji mkifika Nairobi.

Vifaa: kompyuta ya basi la S-100 (njia ya pamoja inayounganisha kadi za kompyuta) yenye kichakataji cha Intel 8080, modemu ya Hayes ya biti 300 kwa sekunde iliyochomekwa ndani ya basi hilohilo, na diski laini ya inchi 8. Diski ngumu hapakuwa nayo. Diski ya kawaida ya CP/M (mfumo endeshi wa kompyuta hizo) ya inchi 8, upande mmoja, ina duara 77, kila duara sekta 26 za baiti 128. Zidisheni: baiti 256,256. Ukitoa nafasi ya mfumo na programu, ujumbe wa baiti 1,000 kila mmoja hautazidi 200 na kidogo. Kufuta ujumbe wa zamani kulikuwa sehemu ya uendeshaji, maana diski ikijaa ubao umekufa.

Simu ilipoita, mlio wake ndio ulioamsha mashine: CP/M inapakiwa kutoka diskini, kisha programu ya ubao. Mpigaji akikata, mashine inarudi mwanzo kabisa. Utaratibu huo una faida kubwa, kwa sababu programu ya asembli (lugha iliyo karibu na ya mashine) kwenye 8080 haina kinga yoyote ya kumbukumbu. Ikivurugika mikononi mwa mpigaji mmoja, anayefuata anapata mashine safi.

Mkiiga CBBS, msiruke hatua mbili za mwanzo. Mpigaji alibonyeza Enter mara kadhaa ili ubao upime kama anatumia biti 110 au 300 kwa sekunde. Kisha ubao ukamuuliza anahitaji herufi tupu ngapi mwishoni mwa kila mstari. Swali hilo lilikuwa kwa ajili ya waliopiga kwa mashine za kuchapa karatasini: kichwa cha kuchapia kinahitaji muda kurudi kushoto, na ubao usipotuma herufi tupu za kujaza muda huo, herufi za kwanza za mstari unaofuata huchapwa kichwa kikiwa njiani. Mtazamaji akiona swali hilo ataelewa kwamba upande wa pili huenda hapakuwa na skrini.

Kuhusu kasi, kila herufi hutumia biti 10: moja ya kuanzia, 8 za data, moja ya kufunga. Biti 300 ni herufi 30 kwa sekunde. Skrini kamili ya herufi 80 kwa mistari 25 ni herufi 2,000, sawa na sekunde 67. Kwa hiyo amri zilikuwa za herufi moja, na mzoefu aliweza kuzima maelezo yasijirudie kila hatua. Laini ni moja, mpigaji ni mmoja, wengine wanapata mlio wa simu inayotumika. Kila mtu akikaa dakika 20, siku nzima haibebi zaidi ya wapigaji 72. Hadi ilipostaafishwa CBBS ilikuwa imehesabu wapigaji 253,301.

Tahadhari moja ya ukutani: msiandike kwamba XMODEM, utaratibu wa kuhamisha faili kwa modemu, ilizaliwa na CBBS. Christensen aliandika programu yake ya kuhamisha faili mwaka 1977, kabla ya ubao. Kila bloku ina baiti 132: moja ya kuanzia (01), moja ya namba ya bloku, moja ya kinyume cha namba hiyo, 128 za data, na moja ya jumla ya ukaguzi. Hizo 128 ni ukubwa wa sekta ya CP/M, si namba ya bahati. Mpokeaji anajibu ACK bloku ikiwa nzima au NAK itumwe tena. Udhaifu wake ni wa wazi. Jumla ya kawaida haitambui baiti mbili zikibadilishana nafasi. Jina la faili halitumwi. Na bloku ya mwisho hujazwa baiti za 1A hadi zifike 128, kwa hivyo faili linafika likiwa refu kuliko lilivyoondoka.

---

longonot_70 anajibu:

Mzee baiti128 ameeleza vizuri, nami naanzia pale aliposema ubao huwekwa pale simu ilipo rahisi.

Ukiweka mezani menyu tu, mtu anabonyeza R anasoma, umeonyesha Chicago. Nairobi ilikuwa paketi. Hapa dakika ya simu ya ng'ambo chini ya lile Shirika la Posta na Simu, KPTC, ilikuwa mali, na kukaa kwenye laini ukisoma polepole lilikuwa jambo la matajiri. Kilichotufaa ni teknolojia ya FidoNet: unaandika barua zako ukiwa umekata simu, programu inazikusanya, inazibana kwa ZIP, kisha modemu mbili zinapigiana kwa dakika chache, zinabadilishana mizigo, zinakata. Kusoma unasoma baadaye, bure.

FidoNet ilianzishwa na Tom Jennings wa San Francisco mwaka 1984, kusudi mbao mbili zitumiane barua usiku wakati simu ni nafuu. Baadaye dunia iligawanywa kanda: 1 Amerika ya Kaskazini, 2 Ulaya, 3 Australia na jirani zake, 4 Amerika ya Kusini, 5 Afrika, 6 Asia. Anwani inaandikwa kanda:mtandao/kituo, na mtu aliye chini ya kituo anaongezewa nukta na namba yake. Kila kanda ilikuwa na saa moja ambayo vituo vyote vilipaswa kupokea barua tu, mpigaji wa kawaida asiruhusiwe. Kanda 5 ilikuwa saa 01:00 hadi 02:00 ya kimataifa, yaani saa kumi hadi saa kumi na moja alfajiri kwa saa zetu.

Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vituo vya kutajwa ni viwili. NGONET ilikuwa kwa Environment Liaison Centre International, ikihudumia mashirika yasiyo ya kiserikali. ESANET ilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, ikiunganisha vyuo vya Afrika ya Mashariki na Kusini: Makerere, Dar es Salaam, Zambia, Zimbabwe. Lango la kutokea lilikuwa London, kwa GreenNet, waliokuwa na mashine iliyopokea paketi za Fido upande mmoja na kuzigeuza barua za intaneti upande wa pili. London ndiyo iliyozipigia namba za Afrika, maana kupiga kutoka Uingereza kulikuwa nafuu kuliko kupiga kutoka huku. Kanuni ya Suess ileile, imevuka bahari. Addis Ababa nako kulikuwa na PADIS, kwenye Tume ya Uchumi ya Afrika ya Umoja wa Mataifa, kwa mtindo huohuo.

Njia ya anga pia ilikuwepo. Shirika la SatelLife la Marekani lilitumia UoSAT-3, setilaiti ndogo iliyorushwa Januari 1990, kubebea barua za HealthNet za madaktari. Setilaiti hiyo haikusimama mahali pamoja: ilipita juu mara chache kwa siku, ikachukua barua, ikaenda kuziangusha kwingine. Ni hifadhi-kisha-peleka ileile, tofauti ni kwamba posta yenyewe inazunguka.

Sasa hesabu ambayo wengi huikosea, na ingefaa iwe bango lenu kubwa. Simu za ng'ambo zilipitia setilaiti, kituo chetu cha ardhini kikiwa Longonot tangu 1970. Kebo za chini ya bahari zilifika pwani yetu 2009. Setilaiti ya mawasiliano ya simu iko kilomita 35,786 juu, hivyo sauti inakwenda kwa takriban robo sekunde na jibu linarudi kwa robo nyingine. XMODEM inatuma bloku, inanyamaza, inasubiri ACK. Kwa biti 2,400, bloku ya baiti 132 inachukua sekunde 0.55. Ongeza nusu sekunde ya kwenda na kurudi na sehemu ya kumi ya ucheleweshaji wa modemu zenyewe: sekunde 1.15 kwa kila baiti 128, sawa na herufi 111 kwa sekunde badala ya 240. Nusu ya pesa yako inalipia ukimya.

Ukanunue modemu ya 9,600? Bloku inapita kwa sekunde 0.14 lakini ukimya ni uleule wa 0.6, kwa hiyo unapata herufi kama 173 kwa sekunde kati ya 960. Umeongeza kasi mara nne, umevuna mara moja na nusu. Dawa yake ni ZMODEM ya Chuck Forsberg, 1986: inamimina data bila kusubiri, inakagua makosa kwa CRC (hesabu ya ukaguzi) ya biti 32, na simu ikikatika inaendelea ilipoachia. Kwa faili la baiti 102,400 kwenye laini ya 2,400 kupitia setilaiti, XMODEM inataka dakika 15 na ZMODEM kama saba na nusu. Hilo la kuendelea palipokatikia lina uzito wake hapa kwetu, penye mvua kuingia kwenye kebo za mitaani na stima kuaga bila hodi.

Wenye bajeti walitumia modemu ya Telebit TrailBlazer. Hiyo iligawanya laini kuwa mamia ya mikondo myembamba ya sauti. Mkondo wenye kelele uliachwa, mingine ikaendelea na kazi. Pia ilidanganya XMODEM na UUCP (utaratibu wa mashine za Unix wa kubadilishana faili) kwa kujibu ACK yenyewe papo hapo, huku ikishughulikia makosa na modemu mwenzake. Kwa laini mbovu ilikuwa na thamani kuliko kasi yoyote iliyoandikwa kwenye boksi.

---

kalamu_ya_kijani:

Shukrani sana wazee wangu. Basi tutaweka vyote viwili, CBBS ya kuigiza upande mmoja na ubadilishanaji wa paketi upande mwingine. Bado nimekwama kwenye waya. Na hiyo ya Kimarekani ya 2,400 itaelewana na ya USB?

---

rizista_na_risasi anajibu:

NO DIALTONE ni haki yake. Modemu inainua simu, inatega sikio isikie mlio wa kupigia, haisikii, inakata. Iambie isisubiri: ATX3D upande mmoja, bila namba yoyote baada ya D. Upande wa pili ndani ya sekunde chache andika ATA. Ya kwanza inakuwa mpigaji, ya pili mpokeaji, zinasalimiana. Usitegemee ATS0=1 hapa, kwani kujipokelea kunahitaji mlio wa kuita, na waya mtupu hauiti. Ama uandike ATA kwa mkono, ama programu yako iandike.

Modemu nyingi zitaelewana kwenye waya mtupu. Zikikataa, moja inataka kuhisi mkondo wa umeme wa laini. Simu halisi ina volti 48 za DC kutoka kwa swichi, lakini nyinyi hamhitaji kiasi hicho. Kata waya mmoja kati ya miwili ya katikati ya kebo ya simu, weka hapo betri ya volti 9 na rizista ya ohm 300 hivi kwa mfululizo, funga vizuri kwa mpira wa kuzuia shoti. Vyote vinapatikana Luthuli Avenue. Betri inachoka haraka kuliko unavyodhani, nunueni za akiba. Na msijaribu kutengeneza mlio wa kuita: laini halisi huita kwa AC inayokaribia volti 90, na hiyo si ya kuchezea mbele ya watoto.

Kama mna pesa kidogo, tafuteni adapta ya simu za intaneti yenye matundu mawili ya simu, mfano Grandstream HT802. Hiyo inatoa mlio wa kupigia, inaita kweli, na tundu moja linaweza kupigia jingine. ATDT na ATS0=1 zitafanya kazi kama enzi zile. Ila ingia kwenye mipangilio kwanza: kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) iwe G.711 pekee, zima uondoaji wa mwangwi, zima ukatizaji wa ukimya, na akiba ya kusawazisha paketi iwe ya muda usiobadilika. Kodeki za kubana kama G.729 zimeundwa kwa sauti ya mtu. Zinatupa hasa kile ambacho modemu inakihitaji. Mwangwi nao unaondolewa na modemu yenyewe kuanzia kiwango cha V.32, kwa hivyo viondoaji viwili vikikutana vinavurugana. Hata hivyo msiombe 56k hapo. Kasi hiyo inahitaji upande mmoja uwe umeunganishwa kidijitali na mtandao wa simu. Modemu mbili za kawaida kikomo chake ni V.34, yaani 33,600.

Kuhusu kuelewana: kwenye 2,400 hamna shida, V.22bis ni moja duniani. Shida iko 300. Marekani ilitumia Bell 103, mpigaji akilia kwa 1,070 na 1,270 Hz, mpokeaji 2,025 na 2,225. Ulaya, na sisi tuliofuata viwango vya kimataifa, ni V.21: 980 na 1,180, kisha 1,650 na 1,850. Hazisikilizani kabisa. Kwenye modemu nyingi ATB1 ni Bell na ATB0 ni ya kimataifa. Pande zote mbili ziwe sawa. Ile ya USB, kama ndani yake kuna chipu ya CX93010, kwenye Linux itajitokeza yenyewe kama /dev/ttyACM0 na inakubali AT+MS=B103 au AT+MS=V22B kulazimisha kasi. Kwa CBBS lazimisheni 300 ya Bell. Msipolazimisha, zitachagua 2,400 na herufi zitakuja kwa kasi isiyo ya 1978.

Epukeni modemu za kadi za PCI zilizong'olewa kwenye kompyuta za mitumba. Nyingi hazina ubongo. Kazi yote inafanywa na programu ya Windows, na DOS haizioni.

---

mama_modemu anajibu:

Wanangu, mmesahau kebo, na kebo ndiyo iliyoua mbao nyingi kuliko radi.

Watu huunganisha PC na modemu kwa nyaya tatu: kutuma, kupokea, na ardhi. Herufi zinapita, kila mtu anafurahi. Kisha mpigaji anakata simu bila kuaga, na ubao haujui. Unakaa unamsubiri mtu aliyekwenda zake. Mbaya zaidi, simu ikipokelewa tena kabla ubao haujagundua, mpigaji wa pili anaingia ndani ya kikao cha wa kwanza, na jina na barua za mwenzake mbele yake. Waya unaozuia hilo ni DCD, nambari 1 kwenye plagi ya matundu 9, unaosema wimbi la mwenzako bado lipo. Modemu iwekwe AT&C1 ili waya huo useme kweli; kwenye AT&C0 unasema ndiyo siku zote. Na DTR, nambari 4, pamoja na AT&D2, ndio unaowezesha programu kukata simu kwa kuushusha. Nunua kebo kamili ya modemu, isiwe ile ya kuunganisha PC kwa PC, ambayo kutuma na kupokea vimepishanishwa.

Kwenye PC zenu za DOS angalieni pia chipu ya milango ya mawasiliano. 8250 na 16450 zinahifadhi baiti moja tu. PC ikishughulika na diski kidogo, baiti inayofuata inafunika ya kwanza. Kwa 2,400 mtasalimika. Mkipandisha mlango hadi 38,400 mtaona herufi zikipotea, na mtailaumu modemu bure. 16550A ina foleni ya baiti 16 na inatosha. Msichomeke modemu kwenye COM3 huku panya akiwa COM1: zote mbili kwa kawaida hushiriki IRQ 4 (njia moja ya kukiita kichakataji), na ukisogeza panya, modemu inaganda.

La mwisho ni +++. Hizo jumlisho tatu hurudisha modemu kwenye hali ya kupokea amri, lakini kwa mpango wa Hayes lazima kuwe na ukimya wa sekunde moja kabla na baada. Wapo watengenezaji waliokwepa hataza hiyo, wakaondoa ukimya. Modemu ya namna hiyo ikipitishiwa ujumbe wenye +++ATH ndani yake inakata simu. Wakorofi walilijua hilo mapema. Mjaribu yenu kabla ya maonyesho, maana kijana mmoja atajaribu tu. Ikishindwa mtihani, ATS2=255 kwenye modemu nyingi huzima njia hiyo kabisa.

---

kalamu_ya_kijani:

Mama, asante, kebo yetu ni ya nyaya tatu kweli. Upande wa Fido tutumie programu zipi? Tungependa barua ziwe za Kiswahili.

---

longonot_70 anajibu:

Kiswahili kitapita bila jasho. Hakina herufi zenye alama juu, kwa hiyo kinatosha ndani ya biti 7 za ASCII, wakati Wafaransa waligombana na majedwali ya herufi miaka yote. Kitu kimoja tu: andika ng' kwa alama ya moja kwa moja ya kibodi. Ukinakili kutoka programu ya kisasa ya kuandikia, alama inakuja ikiwa imepinda na inachukua baiti tatu. Kwenye skrini ya DOS ng'ombe atatokea na takataka katikati.

Programu: kwa PC za DOS, FrontDoor inafaa, ina kipokezi cha simu, kihariri cha barua na kipiga simu ndani ya kifurushi kimoja. Chini yake weka kiendeshi cha FOSSIL (programu ndogo inayosimamia mlango wa modemu), X00 au BNU, kipakiwe kabla yake, la sivyo programu nyingi za barua za Fido hazitaiona modemu. Jipeni anwani za kanda ya kubuni, mfano 99:1/1 na 99:1/2, zisifanane na za kweli. Kwa majaribio kabla ya kugusa nyaya, DOSBox (programu inayoiga kompyuta ya DOS) inaiga modemu: kwenye mipangilio andika serial1=modem listenport:5000, na kutoka DOSBox ya pili ATDT 127.0.0.1:5000. Mlio hamtausikia, lakini mtajua kama programu zimepangwa sawa.

Mezani fanyeni hivi. Mgeni anaandika barua ya aya moja kwenye PC ya kwanza, modemu zikiwa kimya. Barua inageuzwa kuwa faili la PKT. Hapo simameni mlifungue kwa programu ya kuonyesha baiti: kichwa cha baiti 58, kisha jina la mpokeaji, la mtumaji na kichwa cha habari, vyote wazi. Waambieni wazi kwamba hakukuwa na usiri. Msimamizi wa kila kituo kilichohifadhi barua njiani angeweza kuisoma. Kisha ibaneni kwa ZIP na mpige simu. Barua ya maneno 1,000 ya Kiswahili ni herufi kama 7,000; ikibanwa kufika 3,000 inapita kwa sekunde 13 kwenye 2,400, pengine muda mfupi kuliko uliotumika modemu kusalimiana.

Pembeni wekeni barua hiyo ya maneno 1,000 isomwe papo hapo kwenye CBBS ya biti 300. Itachukua dakika nne kasorobo hivi. Washa saa ya kuhesabia mbele ya zote mbili.

---

baiti128:

Naongezea moja kwa upande wa CBBS: mkiwa kwenye 300, zimeni ukaguzi wa makosa wa modemu ya USB, AT\N0 au AT&Q0 kutegemea modemu. Bell 103 haikuwa nao. Ukiuacha, modemu huenda ikajaribu kwanza kukubaliana na mwenzake kuhusu V.42, na mpigaji akaona herufi za ovyo kabla ya ubao kumwambia abonyeze Enter. Spika iwe ATM1L3: inalia hadi zielewane, halafu inanyamaza. ATM2 itawafukuza wenye meza za jirani.